Gari la umeme la familia: Litamfaa mfanyabiashara wa Rukuba na Musoma?

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara wa samaki au dagaa wa Kisiwa cha Rukuba huanza safari yake majini. Mzigo hupakiwa kwenye boti, ukavuka ziwa hadi Musoma mjini, ukashushwa mwaloni, ndipo hesabu ya gari inapoanza. Kutoka hapo kuna Bunda, kuna Butiama, kuna Sirari, na kwa wenye mtaji mkubwa kuna Mwanza. Kila safari ina gharama ya mafuta, na mafuta yakipanda bei faida hupungua, kwa kuwa mnunuzi wa sokoni hajali umetumia lita ngapi.

Ndiyo maana habari za magari ya umeme zimeanza kusikilizwa hata na watu ambao zamani waliona ni mambo ya Ulaya. Magari ya familia ya aina ya RAV4, yaani yaliyoinuka kidogo na yenye viti vitano, sasa yanatengenezwa yakiwa hayana tangi la mafuta kabisa. Baadhi yameanza kuuzwa katika nchi jirani za Kenya na Rwanda.

Swali kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo ni la kawaida: Lina nguvu gani, linakwenda umbali gani, linabeba nini, na mwisho wa mwaka linaacha shilingi ngapi mfukoni? Makala haya yanajibu kwa hesabu, kwa kutumia barabara za Mkoa wa Mara.

Mara si wageni wa teknolojia hii

Kabla ya kwenda mbali, ikumbukwe kuwa magari ya umeme yamekwishafanya kazi jirani kabisa na Bunda. Mwaka 2018 kampuni ya utalii ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza kupeleka watalii katika Hifadhi ya Serengeti kwa magari aina ya Land Cruiser yaliyoondolewa injini ya dizeli na kufungwa mota ya umeme na betri. Magari hayo huchajiwa kwa nguvu ya jua. Nchini Kenya, kampuni ya Opibus, ambayo tangu mwaka 2022 inaitwa Roam, nayo ilifanya kazi ya kubadili magari ya aina hiyo.

Kwa nini Serengeti iliwezekana mapema hivyo? Sababu ni tatu, na kila mfanyabiashara anapaswa kuzishika. Kwanza, gari la watalii huzunguka kwa umbali unaojulikana. Pili, huenda polepole, na mwendo mdogo hauli chaji nyingi. Tatu, jioni hurudi kambini palepale, ambako kuna umeme wake. Anayeendesha biashara inayofanana na mpangilio huo yuko karibu na gari la umeme. Ambaye leo yuko Tarime, kesho Shinyanga, na hajui atalala wapi, yuko mbali nalo.

Nguvu yake ikoje?

Tuchukue mfano wa gari moja linalojulikana, BYD Atto 3, linalotengenezwa China. Ni gari la familia la viti vitano. Mota yake ina kilowati 150, sawa na nguvu za farasi 201, na nguvu ya kuzungusha ya nyutoni mita 310. Kutoka kusimama hadi kufikia mwendo wa kilometa 100 kwa saa hutumia sekunde 7.3.

Kwa lugha ya barabarani, hilo ni gari jepesi sana kuondoka. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, tofauti na injini ya petroli inayosubiri mzunguko upande. Kupita lori lililojaa pamba kati ya Bunda na Lamadi ni kazi ya sekunde chache. Kupandisha milima ya kuelekea Butiama ukiwa na abiria watano si tatizo. Na unapoteremka, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya umeme kwenye betri, hivyo pedi za breki hudumu zaidi.

Hata hivyo, nguvu hiyo ina mtego. Dereva anayekimbiza gari hadi kilometa 120 kwa saa huona chaji ikishuka haraka, kwa kuwa upinzani wa hewa huongezeka sana kadiri mwendo unavyoongezeka. Kwa gari la umeme, mwendo wa kilometa 80 kwa saa ndio wenye faida.

Umbali: Usiamini kijitabu peke yake

Betri ya gari hilo ina uwezo wa kilowati-saa 60.48. Kwa msomaji wa kawaida, kilowati-saa moja ndiyo uniti moja ile ile unayonunua kwa LUKU. Kwa hiyo tangi lake ni uniti 60. Kwa vipimo vya Ulaya, uniti hizo zinatosha kwenda kilometa 420.

Vipimo hivyo hufanywa katika mazingira yaliyopangwa. Ukiweka watu na mzigo, ukawasha kiyoyozi, ukaingia barabara ya vumbi, matumizi hupanda. Kwa kupanga biashara, ni busara kuhesabu uniti 18 kwa kila kilometa 100. Kwa hesabu hiyo betri iliyojaa huisha baada ya kilometa 333 hivi. Na kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili anayesubiri betri ifike sifuri, ukitenga asilimia 20 kama akiba unabaki na takriban kilometa 267 za uhakika.

Sasa tuziweke barabarani:

Musoma hadi Butiama na kurudi haifiki kilometa 100. Itatumia uniti 18, chini ya theluthi moja ya betri.

Musoma hadi Bunda na kurudi ni takriban kilometa 140. Itatumia uniti 25, na utarudi nyumbani ukiwa na zaidi ya nusu ya betri.

Musoma hadi Sirari na kurudi ni takriban kilometa 200. Itatumia uniti 36. Utarudi salama, lakini usiku huo lazima uchaji.

Musoma hadi Mwanza ni takriban kilometa 220 kwa kwenda tu. Itatumia uniti 40. Utafika Mwanza ukiwa umebakiwa na uniti 20, ambazo hazitoshi kukurudisha. Ukilala na kuchaji kwa soketi ya kawaida ya ukutani kwa saa 10, utaongeza uniti kama 21 kwenye betri. Jumla ni uniti 41, zinazotosha takriban kilometa 230. Hiyo ni safari ya kurudi na akiba ya kilometa 10 tu, jambo ambalo si la kulifanyia majaribio ukiwa na samaki kwenye buti.

Kwa hiyo ndani ya Mara gari hili linatosha. Kwenda Mwanza kunahitaji sehemu ya uhakika ya kuchajia huko. Usipange safari kwa kutegemea kituo cha chaji ya haraka hadi uwe umekiona kwa macho na kujua kama plagi yake inaingia kwenye gari lako.

Kuchaji nyumbani

Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa takriban kilowati 2.3. Ukirudi kutoka Bunda unahitaji kurudisha uniti 25, na ukihesabu zinazopotea njiani wakati wa kuchaji, mita yako itasoma uniti 28. Kwa soketi hiyo ni saa 12. Ukifungiwa chaja maalumu ya ukutani ya kilowati 7, ni saa nne.

Hapa mfanyabiashara wa Rukuba ana nafuu ambayo wengi hawaioni. Gari lake haliwezi kuvuka ziwa. Siku anazokuwa kisiwani akinunua mzigo, gari limeegeshwa Musoma. Likiwa limeegeshwa kwenye ua wenye umeme na mlinzi, soketi ya kawaida inatosha kabisa, na hahitaji chaja ya gharama kubwa. Likiegeshwa mwaloni juani pasipo na umeme, muda huo wote unapotea bure.

Kabla ya kuchomeka gari, mwite fundi umeme mwenye leseni. Soketi inayotoa nguvu yake yote kwa saa 12 mfululizo si sawa na ya kuchaji simu. Waya mwembamba hupata moto, na nyumba ambayo haijafungwa waya wa ardhini vizuri ni hatari. Gari liwe na laini yake kutoka kwenye kikata umeme kikuu, bila kuchanganywa na friji wala pasi.

Jambo jingine ni kundi la bei. Katika bei zilizowekwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani anayetumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi alipangiwa Sh100 kwa uniti. Mwenye gari la umeme atavuka kiwango hicho kwa safari tatu tu za Bunda. Ataingia kundi la matumizi ya kawaida, ambalo bei yake katika mpangilio huo ni Sh292 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, inafika takriban Sh356. Usipige hesabu zako kwa Sh100.

Kuna wanaouliza kuhusu jenereta. Jenereta ndogo ya petroli hutoa takriban uniti mbili hadi tatu kwa lita. Ili kupata uniti 28 utachoma lita 10 hadi 14, karibu sawa na zile ambazo gari la petroli lingetumia kwenda Bunda na kurudi. Hapo hujaokoa chochote.

Na sola je? Kwa uniti 28 kila siku unahitaji paneli za jumla ya kilowati 7 hivi, yaani paneli 13 za wati 550. Tatizo si paneli peke yake. Jua linawaka mchana, wakati gari liko sokoni. Utalazimika kununua na betri za kuhifadhia, na hapo gharama hupanda. Sola inamfaa zaidi yule ambaye gari lake hulala mchana, au anayesafiri mara mbili kwa wiki.

Hesabu ya mwaka

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tufungue daftari.

Tuseme lita ya petroli ni Sh3,000, na gari lako la sasa, liwe RAV4 au Noah, linakwenda kilometa 10 kwa lita likiwa na mzigo. Safari ya Bunda na kurudi inakula lita 14, sawa na Sh42,000. Gari la umeme litakula uniti 28 kwa Sh356, sawa na Sh9,968. Umeokoa Sh32,032 kwa safari moja.

Ukienda Bunda mara tatu kwa wiki kwa wiki 50, hizo ni safari 150. Umeokoa Sh4,804,800 kwa mwaka. Ongeza hapo oili, filta na plagi ambazo gari la umeme halina. Ukienda mara moja kwa wiki, umeokoa Sh1,601,600 tu.

Sasa upande wa pili wa daftari. Tuseme gari la umeme linakugharimu Sh30 milioni zaidi ya gari la petroli ambalo ungelinunua badala yake. Kwa anayesafiri mara tatu kwa wiki, tofauti hiyo inarudi baada ya miaka sita na miezi mitatu. Kwa anayesafiri mara moja kwa wiki ni karibu miaka 19. Huyo wa pili asijisumbue.

Na kama hizo Sh30 milioni ni mkopo? Kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni Sh4.8 milioni. Hiyo ndiyo ile ile uliyookoa kwenye mafuta. Umeendesha gari mwaka mzima kwa ajili ya benki. Gari la umeme humlipa anayetembea sana, na humlipa haraka zaidi asiyelinunua kwa mkopo.

Linabeba nini?

Hapa wafanyabiashara wawe makini. Buti la gari tulilolitaja ni lita 440, na ukikunja viti vya nyuma hufika lita 1,338. Ni nafasi nzuri. Lakini uzito unaoruhusiwa, ukijumlisha watu na mzigo, ni takriban kilo 400. Watu wazima watano wa kilo 70 kila mmoja wanamaliza kilo 350, na unabaki na kilo 50. Kama uko peke yako na dereva, unaweza kupakia kilo 260 hivi za mzigo. Anayezoea kujaza Noah hadi magurudumu yanalia asidhani atafanya hivyo hapa.

Pia gari la familia ni la familia. Maji ya samaki yakipenya kwenye zulia, Jumapili hakuna atakayetaka kupanda kwenda kanisani. Makasha ya plastiki yenye mifuniko na turubai zito ni lazima.

Faida moja ambayo gari la petroli halina ni kutoa umeme. Kwa kifaa chake maalumu, gari hili linaweza kuwasha vifaa vya nyumbani kutoka kwenye betri yake. Kwa mwenye jokofu la samaki, umeme ukikatika usiku, gari linaweza kulilinda jokofu hadi asubuhi. Jokofu moja halimalizi uniti nyingi kwa usiku mmoja, na mzigo uliookolewa ni fedha.

Barabara zetu

Kimo cha chini ya gari hilo kutoka ardhini ni milimita 175, na betri iko chini ya sakafu. Kwa lami ya Musoma hadi Bunda hakuna shida. Kwa barabara za vijijini za Majita kuelekea Makojo na Busekera wakati wa masika, jiwe au shimo lililofichwa na maji linaweza kugonga sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika gari. Linaendeshwa na magurudumu ya mbele tu, hivyo kwenye tope halina miujiza.

Kuhusu maisha ya betri, kampuni nyingi hutoa dhamana ya miaka minane. Hata uwezo ukishuka hadi asilimia 70, zitabaki uniti 42, na safari ya Bunda na kurudi bado itatumia uniti 25. Lakini dhamana humfuata anayenunua kwa wakala rasmi. Anayejiletea gari mwenyewe kutoka nje mara nyingi hana pa kudai.

Vilevile mtambo huo una umeme wa mamia ya volti. Nyaya zake za rangi ya chungwa zaweza kuua. Si kazi ya fundi wa chini ya mwembe, hata awe hodari kiasi gani kwa injini za kawaida.

Tahadhari kwa wanunuzi wa mitumba

Wengi wataanza na magari yaliyotumika kutoka Japani. Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa mwaka 2010, ni ya bei nafuu. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na betri ya uniti 24. Kama imechoka na kubaki na asilimia 70, una uniti 17, ambazo zinatosha takriban kilometa 110. Utafika Bunda, lakini hutarudi.

Wengine wanaangalia Mitsubishi Outlander inayochajiwa na pia kutumia petroli, iliyoanza kuuzwa mwaka 2013 ikiwa na betri ya uniti 12. Betri hiyo hutosha safari za mjini, na petroli inashika safari ndefu. Kwa asiye na uhakika wa umeme, huo ni uamuzi wa katikati wenye mantiki.

Kabla ya kulipa, omba kipimo cha hali ya betri. Angalia plagi, kwa kuwa magari ya Japani, Ulaya na China hayatumii plagi za chaji zinazofanana. Pitia kikokotoo cha magari cha TRA, na kumbuka kuwa gari lililozidi miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu.

Vipi kuhusu boti?

Kwa mkazi wa Rukuba chombo cha kwanza cha familia ni boti. Upande wa Kenya wa ziwa hili, katika Kaunti ya Homa Bay, kampuni ya Asobo imekuwa ikikodisha injini za umeme za boti na betri zake kwa wavuvi. Mvuvi hanunui betri. Analipia matumizi na kurudisha betri ufukweni ili ichajiwe.

Kanuni ya umbali ni ile ile, ila maji yana ukali zaidi. Injini ya nguvu za farasi 15 ni sawa na kilowati 11. Ikikimbizwa kwa nguvu zote kwa saa moja inakula uniti 11. Ukipunguza mwendo, matumizi hushuka sana. Mpango wa kukodisha unamwondolea mvuvi mzigo mkubwa kuliko wote, yaani bei ya betri. Vikundi na vyama vya ushirika vya wavuvi upande wetu vina cha kujifunza hapo.

Umeme wenyewe nchini umeongezeka. Bwawa la Julius Nyerere, lililopewa jina la mwana wa Butiama, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024 na lina uwezo wa megawati 2,115. Kilichobaki kwa mfanyabiashara ni kujua umeme huo unafika vipi kwenye soketi yake, na kwa saa ngapi kwa siku.

Kabla ya kumwona muuzaji wa magari, chukua daftari na uandike safari zako zote za mwezi mmoja: kilometa, lita, kilo za mzigo na mahali ulipolala. Kama safari nyingi ziko chini ya kilometa 200, ni zaidi ya mbili kwa wiki, na unalala penye umeme, endelea kuuliza bei. Kama sivyo, tunza Noah yako, badili oili kwa wakati, na elekeza mtaji kwenye mzigo.